Mitambo Tuliyoinyamazisha

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku Masinya hatujambo. Bibi yako analalamikia tu mkoromo wangu. Waniuliza kwa nini nakupigia kila siku nami sina habari.

Nilipokuwa fundi Busia, mitambo ya kompyuta ya kwetu na ya Tororo ilipigiana simu kila mara, kuambiana tu kwamba njia iko wazi. Ilikuwa gharama, tukaipanga inyamaze mpaka kitu kibadilike. Nami na Owor, fundi wa Tororo aliyezoea kunipigia, "We Wandera, bado uko hai?", tukanyamaza vilevile, tukiona kimya ni heri.

Siku moja ya mavuno, mtambo wetu ulipopiga kuarifu badiliko na wake ukakosa kuitika, nilipiga nyumbani kwake. Akapokea mkewe.

"Shemeji, tulimzika wakati wa palizi."

Ukikosa la kusema, kohoa tu nikusikie.

Babu yako,
Wandera