Kilumi Mbele ya Mama Nduku

Alhamisi

Na bado sijamwambia Mutua ukweli. Tangu bendi yetu ya roki iamue kurudia muziki wa asili wa Kitui Kusini, wenzangu wananitegemea mimi, mpiga ngoma wao niliyezaliwa huko, maana wao wote wamezaliwa Nairobi. Jumamosi tunarekodi kilumi, ngoma ya kina nyanya zetu ya kuita mizimu, pamoja na magitaa ya umeme.

Leo mimi na Mutua, mpiga gitaa wetu, tulimwendea Mama Nduku pale Kawangware. Yeye alipiga kilumi ujanani. Nikampigia mdundo niliodhani nimetoka nao nyumbani nikiwa na miaka tisa. Akaniangalia kwa huruma, akasema kwa Kikamba, "Hiyo ni ya kwaya, baba. Ya Jumapili."

Nikamwomba anionyeshe iliyo sahihi.

"Mimi niliokoka. Ngoma ya kilumi siigusi tena."

Mutua hajui Kikamba. Tulipotoka akauliza, "Mathe amesema aje, mzee?"

"Amesema tuko sawa."

"Si nilikuambia! Bila wewe hatuna kwetu."

Kumbe nilichobeba miaka yote hii ni kanisa. Jumamosi nitaupiga mdundo uo huo, nao wataamini ni wa nyanya zao.