Mwarobaini wa Bibi

Bibi yangu, shikamoo. Huku Ifakara mvua haijakatika tangu juzi, na wali wao unanukia hadi barabarani.

Jana Deo wangu alinipeleka kwa mama yake, mtaa wa Katindiuka. Mama huyo ni mwalimu mstaafu, na kwake mgeni hatengewi chakula kabla ya kujibu swali. Ukipata unapewa kichwa cha kambale, ukikosa unakula mkia. Akaniuliza, "Haya mwanangu, mti gani umetoka India, na huku kila mwenye uwanja anaapa ni wa babu zake?"

Nikakumbuka mashamba tuliyoyapita njiani, nikasema mtiki.

"Nao umetoka huko, ila nani ana mtiki uani? Ni mwarobaini!"

Bibi, nilibisha! Nikamwambia wewe umetutibu homa kwa majani yale machungu tangu utotoni, na India hujawahi kuitaja. Mama akacheka mpaka akashika meza. "Uliletwa, ukapandwa, ukazoea. Sasa nani anauita mgeni?"

Nikala mkia. Deo akala kichwa polepole, akinitazama, mchokozi yule.

Najua umesema mtu wa mbali hazoei kwetu. Sibishani nawe kwenye kadi ndogo hivi. Ila Jumamosi tunakuja wote wawili, na nimemwambia utatuwekea mkeka pale pale unapopumzikia kila siku, chini ya mwarobaini wako.

Usisahau kula vizuri, Bibi.

Mjukuu wako mbishi,
Neema