Nguzo ya Zuberi

Kindu, huku kilimani, mwezi wa Shaabani

Kwa kaka yangu Zuberi bin Feruzi, aliye Kibombo kwenye mashamba ya mpunga, Mungu amweke.

Baada ya salamu nyingi, kaka, nakuuliza hali yako, na hali ya wake zako, na mpunga umestawi vipi, na kile kikohozi kilichokuwa kikikusumbua wakati wa mvua kama kimekuacha. Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima, anakwenda kisimani na kurudi bila fimbo. Salamu zake nitaziweka mwisho, mahali pake. Usidhani nimeandikiwa na mtu; herufi nilizojifunza chuoni kwa kuchungulia juu ya bega lako bado ninazo. Hata ile nguzo ya kona ya jikoni, uliyoichimbia shimo siku tulipomjengea mama nyumba, ukasema mgongo unauma ukaenda kulala, bado imesimama wima. Kila nikiipita nakukumbuka.

Habari za gharika bila shaka zimekufikia. Mto ulipanda ukaingia mitaa yote ya chini, na ulipoondoka uliondoka na nyumba. Zile kuta nene za waungwana, walizojivunia kwamba zimejengwa kama za pwani, ziliyeyuka kama ugali uliotiwa maji. Vibanda vyetu vya miti na nyasi huku juu havikuguswa. Watu wachache walikufa, Mungu awarehemu, na hao siwacheki. Nawacheka waliobaki.

Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Lakini hawa walikuwa chini siku zote, wakajiona wako juu! Unamkumbuka Mzee Mbaraka bin Khalfani, mfanyabiashara wa pembe, mwenye baraza pana pale njia ya mtoni. Tulipopita na kuni vichwani alikuwa akiwaambia wageni wake, kwa sauti ya kutosha tusikie, kwamba kilima kile ni cha nyani na watu wanaofanana nao. Basi kaka, nyani wamepata wageni. Wiki ile ile maji yalipokauka, waungwana walianza kupanda kilima, kanzu zimekunjwa mpaka magotini, wanahema, wanaulizia nyumba za kununua. Watumwa wa Mbaraka hawakuwa naye. Yeye anasema walizama. Mimi nasema watu wanaojua kuogelea vile hawazami wote kwa pamoja.

Dalali wao ni Bulaimu, yule aliyekuwa akiuza ndizi bandarini. Gharika imemfanya bwana. Sasa anatembea na mwavuli uliovunjika mbavu, anagonga kuta za watu kwa kidole kama mganga anayegonga kifua cha mgonjwa, anatikisa kichwa, anasema nyumba ni mbovu. Akifika kwa mnunuzi anaapa kwamba ni nyumba ya sultani. Jirani zetu wengine waliuza. Siwalaumu, walipewa vitambaa vizuri, wakashuka upande wa pili wakajenga nyingine kwa siku chache, maana miti ni ya msituni na mikono ni yao. Waliouziwa walifikiri wamewapunja washenzi.

Na wamekaaje huko walikonunua? Jambo la kwanza, kabla ya jiko, kabla hata ya choo, ni baraza. Muungwana hawezi kuishi bila baraza ya kukalia jioni apewe heshima na wapita njia. Lakini huku kwetu, kaka, njia hazipiti mbele ya nyumba, unazijua, zinapita nyuma, kwenye mihogo. Basi kila jioni wanakaa pale, kilemba kimefungwa, tasbihi mkononi, wanangoja kusalimiwa, na wanaopita ni mbuzi wa Mama Odile peke yao. Juzi nilimsikia mmoja akiwaitikia. Labda alikuwa anasafisha koo tu, lakini mimi nimekwisha kuwasimulia watu kwamba aliitikia.

Mbaraka hakutaka nyumba yoyote ila ya mama. Unajua ilivyo: iko kileleni kabisa, na uwanja wake ni tambarare. Alitaka akae pale ili kila mtu anapoinua macho amwone yeye. Alikuja mwenyewe mara ya kwanza, akakataa kuketi kwenye kigoda, pengine aliogopa unyani usimwambukize. Mama alimpa maji ya kunywa kwa adabu zote. Alimwambia kwamba nyumba ile aliijenga baada ya kumzika baba ili naye afie humo, na kwamba kama bwana anataka kujenga, udongo umejaa tele huko chini, mto umemkorogea bure. Sikujua kama mama anajua kutukana hivyo. Mbaraka aliondoka, maji hakuyamaliza.

Baada ya hapo msafara wake ulikwenda kusini kununua mchele, ukarudi. Nasi tukaanza kusikia maneno kisimani kwamba nyumba ya mama yetu Mwavita imekwisha kununuliwa. Tulicheka. Nani aliyeiuza, na mama yuko ndani anatwanga sombe, majani yake ya mihogo? Nilisema mbele ya wanawake wote kwamba mtu wa kuuza paa lililo juu ya kichwa cha mwanamke mzee, bila hata kumwambia aondoe sufuria yake motoni, hajazaliwa Kindu. Wakaniitikia kwamba kweli, hajazaliwa. Nilijisikia nimesema neno kubwa.

Kesho yake asubuhi Bulaimu alipanda, mwavuli wake chini ya kwapa, na mkononi amebeba kofia. Kofia nyeupe ya viua, kaka, yenye maua ya manjano na ukingo mwekundu, na ua moja limepinda kidogo kwa sababu siku alipolishona mama alikuwa na homa ya macho. Hakuna nyingine kama hiyo. Mama alikesha nayo majuma mazima kabla hujaondoka kwenda Kibombo, na alikuvika kwa mkono wake mwenyewe pale mlangoni.

Sasa fikiri. Mtu asiye wa kwetu anakuja asubuhi, kimya, ameshika kofia ya mwanao aliye mbali. Mama alielewa kama ambavyo mama yeyote angeelewa. Alikaa chini papo hapo kwenye majivu akapiga ukelele. Aliuliza, “Mutoto wangu amekufa wapi? Nani alimuosha?” Majirani walikuja mbio, wanawake wakafungua vilemba, Mama Odile akaanza kulia kwa sauti kubwa, na mimi pia nililia, Mungu anajua. Nilikulilia, Zuberi. Nilitaja jina lako nikajipiga kifua, nikakumbuka mambo yako mema, nikayatafuta na mengine ya kuongezea. Hapo Bulaimu alikuwa akirukaruka katikati ya waombolezaji kama kuku aliyekanyaga kaa la moto, akipiga kelele, “Musilie, mama! Mutoto iko muzima kabisa! Njo yeye ameuzisha nyumba!”

Kilio kilinyamaza kipande kipande. Bulaimu alieleza, sasa kwa sauti ndogo, kwamba watu wa Mbaraka walikukuta Kibombo, ukasema wewe ndiye mwanamume wa nyumba ile, ukapokea bunduki na vitambaa vya merikani, na walipotaka ishara ya kumwonyesha mama ajue kwamba neno ni lako, ulivua kofia kichwani ukawapa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, sikujua kwamba mtu anaweza kuishonea maua.

Nilikuwa na dharau nyingi, kaka, na nimezitumia ovyo. Nimemdharau Mbaraka, lakini yeye mali yake ilichukuliwa na mto, na alitoa kitu chake mkononi. Nimemdharau Bulaimu, naye alipomwona mama kwenye majivu alilia kidogo, nilimwona, akajifanya ni moshi. Dharau yenyewe hasa, ile nzito, ilikuwa yako wewe, na nimeibakiza.

Mama alimshukuru Mungu kwamba u hai. Alimshukuru kwa sauti, mbele ya watu, mikono juu. Mimi ningewaacha walie mpaka mwisho na matanga wayaweke. Kisha akaomba apewe ile kofia, akaingia nayo ndani.

Nilimfuata mjomba Amuri, kwa kuwa kilima ni cha wajomba zetu na yeye ndiye msemaji wao. Nilimkuta amelewa nusu. Alisikiliza yote, akacheka mpaka akakohoa, akasema ardhi haina bei wala haiuzwi na mtoto wa dada; kinachouzwa ni nyumba tu, yaani miti na nyasi. Akauliza nani alijenga. Nikamwambia. Akasema, “Kila muntu achukue kazi ya mikono yake,” akarudi kwenye kibuyu chake.

Basi tuliichukua. Wanaume wa kilima walikuja, hata wale waliouza zao, wakaliinua paa zima wakalibeba kama jeneza la mtu mnene, wanawake wakang'oa fito na kubeba milango, na watoto wakaimba nyimbo ambazo siwezi kuziandika. Tumeisimamisha upya upande wa mawio, karibu na kisima, na udongo wa kuta unakaribia kukauka. Mafiga matatu mama aliyabeba mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Pale kileleni hatukuacha kitu ila ile nguzo yako ya kona. Hiyo uliisimamisha wewe, ilikuwa haki yako kuiuza.

Mbaraka alipanda siku ya pili na kilemba kipya, watu wake wamebeba mkeka wa baraza. Alizunguka nguzo ile mara nyingi. Sitasema alivyosema, maana mimi ni mtoto wa watu. Amefunga safari kuja huko kwako kudai chake, na ameazima watu wenye hasira na bunduki zaidi ya ile aliyokupa. Mchukua barua hii nimemwomba akaze mwendo awatangulie, kwa kuwa sipendi ukutwe umelala. Wewe ni mtu unayependa kulala.

Mwisho pokea salamu. Mjomba Amuri anakusalimu na anasema usije. Mama Odile anakusalimu, anadai machozi yake. Bulaimu anakusalimu kwa haya. Wake zako wasalimie sana kwa niaba yangu, hao hawajanikosea.

Mama nilimwuliza niandike nini kutoka kwake. Nilimwuliza tena nilipokaribia mwisho wa karatasi. Alikuwa ameketi mlangoni penye mwanga, ameshika sindano, ameinamisha kichwa, nikadhani anashona. Alikuwa anafumua. Ua moja baada ya jingine, polepole, bila kuchana nguo, na uzi anauzungusha kwenye kijiti kwa sababu uzi ni mzuri na utafaa kazi nyingine. Alipomaliza alinipa kofia nikuletee. Imo ndani ya barua hii, ni ile ile, usiseme imepotea. Imebaki nguo nyeupe tupu, na kichwa chako itakienea kama zamani.

Hakunituma neno.

Ni mimi dada yako,
Hawa binti Feruzi