Vumbi au Doa

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, maana nakujua, hata kusoma unasoma umesimama huku sufuria iko jikoni. Goti linasemaje? Shemeji bado anabishana na redio? Huku kwangu wote wazima. Mke wangu anakusalimu sana, na binti yetu naye anakusalimu, ila anasema umemtupa. Mimi nakula, nalala, natembea. Hilo lishike kabla hujaendelea.

Utauliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu wewe hunikatiza, nami huishia kusema niko salama, kisha tunaanza kuwateta majirani. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Miezi saba iliyopita kinyozi wangu alisimamisha mashine akaniuliza kama hili doa la shingoni nimekuwa nalo siku zote. Nikamcheka, nikamwambia anyoe nywele, shingo aniachie mwenyewe. Nilipofika nyumbani nikashika vioo viwili nikajitazama. Kweli lipo, nyuma kidogo ya sikio, jeusi, kubwa kama punje ya dengu. Sikuambii ni upande gani, na sababu utaiona mbele. Mke wangu alipoliona alikwenda kunitafutia kadi ya hospitali.

Daktari ni mama mmoja mpole mwenye mikono baridi. Alilipapasa, akalitazama kwa kioo cha kukuzia, kisha akamwita mwenzake. Mmoja akasema halimtishi, mwingine akasema halimpendezi. Mwishowe wakakubaliana kwamba hawajui ni kitu gani, na kwamba kwa sasa wataliangalia tu. Basi kila baada ya miezi miwili nakwenda, wanalipima kwa rula ndogo na kulipiga picha. Mara ya kwanza milimita sita. Mara ya pili sita. Mara ya tatu saba, ila daktari alisema huenda ni mkono tu wa aliyepima. Milimita moja, dada! Imenikalia kichwani wiki zote hizi. Nikioga nalipapasa, nikisubiri basi nalipapasa, na mezani mke wangu ananipiga kofi vidoleni kama mtoto anayedokoa nyama.

Kinachonichekesha ni kwamba wananipiga picha mimi. Mpiga picha wao huniambia nisijikaze shingo, nami nakumbuka studio yetu. Unalikumbuka lile pazia la maporomoko ya maji, na kile kiti kimoja ambacho mji mzima ulikikalia? Bwana Picha alikuwa mbele akiwaambia watu wainue kidevu, mimi nyuma karibu na dirisha na brashi yangu, penseli yangu na nusu wembe. Chunusi nilifuta, makovu nilifuta, hata uchovu wa bibi harusi niliufuta. Watu waliingia na sura zao, wakatoka na sura walizozitaka. Wewe ndiye uliyenipa jina la Kifutio, likanigandia hata wateja wakasahau jina langu. Ulikuwa ukiniletea chakula cha mchana kwenye kopo la bati, unakaa juu ya kaunta unawakosoa maharusi mpaka Bwana Picha anakufukuza kwa kicheko. Vidole vyangu vilinuka dawa za kusafishia picha. Jamani, siku zile! Ningepewa hata mchana mmoja tu wa zile, ningeshukuru.

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Siku ya kwanza daktari aliniuliza doa lilianza lini. Alinieleza kwamba kama ni la tangu utotoni, hakuna haraka, wataliangalia. Kama limeota ukubwani, ni bora wakate kipande wakipime mapema. Nikajibu bila kupepesa macho kwamba nimekua nalo. Akaandika. Nilidanganya, dada. Si kwamba nilijua halikuwepo, la, sikujua kabisa. Nilitaka tu liwe la utotoni, kwa sababu naogopa kisu, na jibu naliogopa zaidi.

Tangu hapo nimepekua kila picha iliyomo humu ndani, nikitumaini uongo wangu utageuka kweli. Zote zilipita mikononi mwangu, na shingo zote ni safi kama sahani. Nikakumbuka ile iliyoko sebuleni kwako, sisi wawili na mama mbele ya mlango wa bluu. Aliipiga yule mpiga picha wa kupita, aliyepotea na filamu zake, wakati mimi nina miaka mitano na sijui hata brashi ni nini. Nilikuwa natafuta simu nikuombe uipeleke dirishani uitazame shingo yangu. Halafu nikakumbuka jambo, nikakaa kitandani.

Mwaka ulioolewa uliniletea picha hiyo niondoe mkunjo kabla hujaitia fremu. Mimi nikaondoa na kovu lako la kwenye paji. Ulininunia wiki nzima, ukasema huyo aliyesimama na mama si wewe. Nilikuomba radhi kwa kovu. Ambalo sikukuambia ni hili: shingoni kwangu palikuwa na nukta nyeusi. Picha ile ilikuwa imejaa nukta za vumbi, nami nikaihesabu kuwa mojawapo. Nikaikwangua kwa ncha ya wembe huku napiga mluzi. Leo sijui kama nilifuta vumbi au nilijifuta mwenyewe.

Mama hayupo. Umebaki wewe. Ulikuwa ukiniogesha kila jioni kwenye bomba nyuma ya nyumba, na lile dodoki lililokwaruza kama waya. Nakumbuka kuna mahali shingoni ulipasugua mpaka nikapiga mayowe, ukisema uchafu huu umehamia hapa na vitanda vyake. Mama alikuwa akikuambia kutoka ndani umwachie mtoto ngozi yake, kesho ataihitaji. Je, ulikuwa uchafu kweli? Au kulikuwa na kitu ambacho hakikutoka?

Nakujua, dada. Utataka kuniandikia neno la kunipa usingizi. Tafadhali, usinirekebishie. Kama hukumbuki, andika hukumbuki. Vyovyote iwavyo, nimeshaamua: Alhamisi ya miadi nitamwambia daktari kwamba nilimdanganya, na kwamba sijui lilianza lini. Akitaka kukata, akate. Mke wangu nitamwambia leo, nikishafunga bahasha hii. Naogopa, dada. Naogopa sana, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.

Msalimie shemeji, na redio yake pia. Goti lipake dawa, usilifanyie ubishi. Ukimaliza kusoma, usiende kwanza kwenye ile picha, haina la kukuambia. Funga macho, shika dodoki, nisimamishe pale bombani nikipiga kelele, kisha uniandikie mkono wako ulikuwa ukienda upande gani wa shingo.

Ni mimi mdogo wako,
Kifutio