Matundu Niliyoyapiga Msasa

Shanwe,
Mpanda, Katavi.
9 Machi 2025.

Mpwa wangu mpendwa Recho,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Mwanza? Kile kikohozi kimekwisha? Huku mvua zinanyesha, mahindi ya shamba la Ilembo yamebeba, na mimi mjomba wako sina homa wala mafua. Nina aibu tu. Ningekupigia simu, ila nakujua, utanikatiza kwa kunipa pole, na pole siitaki.

Mzigo wako ulifika salama kwa basi: vipande vya plaiwudi ulivyokata kwa mashine ya leza, beringi, bolti na mipira ya kunyanyulia. Nilifurahi. Mkono wa mbao wa kufungwa kwenye kiti, umbebee mama yako mkono wake, maana tangu apate kiharusi vidole vinashika lakini bega limekataa kunyanyua. Uliandika kwa herufi kubwa kwamba matundu ya beringi yasiguswe.

Nikayagusa. Kingo zilikuwa nyeusi kwa moto wa leza, na miaka thelathini ya useremala sijatoa kazi yenye masizi. Nikapiga msasa mpaka zikang'aa. Ujuaji huo! Beringi zilizopaswa kuingia kwa kubana zikaingia zenyewe, zikawa zinachezacheza. Nikapaka gundi kidogo, nikanyamaza.

Jumapili iliyopita tukamfunga mama yako ule mkono. Akachota uji, akaunyanyua nusu ya njia. Beringi ya kiwiko ikachomoka, mkono ukaanguka, uji ukammwagikia mapajani. Hakuungua sana, usiogope. Kilichoniumiza ni neno lake, kwamba mkono wake umekuwa gogo, hata mbao zimeukataa.

Nami nikamwacha aamini hivyo, Recho. Mdomo nilikuwa nao.

Tangu hapo akakataa kulishwa, akawa anakunywa chai tu kwa mrija. Jumatano ya Majivu akasema amefunga. Padri alishawaambia wagonjwa wasifunge, na mama yako alimsikia vizuri. Ijumaa pete yake ya ndoa ikamvuka kidole, ikadondoka mezani.

Ndipo hofu ikanishika kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kingemchukua asiyeficha. Jana nikakata kopo la soda vipande vyembamba, nikazungushia kila beringi, nikazirudisha kwenye matundu kwa kuzigonga polepole ukingo wa nje. Zikabana. Nikafunga tofali zima kwenye ule mkono, nikalipandisha na kulishusha mara hamsini.

Leo baada ya misa nilipiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia yote, kisha nikamfunga tena ule mkono. Sahani ya wali na maharage ilikuwa mezani. Mkono ukapanda, roho yangu iko juu juu. Ukaipita sahani. Ukanishika sikio la kushoto, dada yangu akalisokota kama tulipokuwa watoto kule Mwese, akavuta mpaka machozi yakanitoka. Halafu akachukua kijiko.

Wali ameumaliza. Lakini kopo la soda si kitu cha kutegemea, kwa hiyo nikatie vipande vipya upesi. Masizi yake nitayaacha hivyo hivyo.

Mkwe wangu Innocent na mjukuu Emelyne wasalimie sana. Shangazi yako Cecilia anakukumbuka kila siku. Mungu aliyemshika mama yako juma hili akushike na wewe, na kazi ya mikono yako aibariki.

Wako akupendaye, sikio likiwaka bado,
Mjomba Ambrosi