Mbegu Inayoitwa Mwajuma

Arusha, Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili hii hapa, maana ya kwanza imepitia mdomoni kwa anayekusomea kabla haijakufikia. Jicho linaendeleaje tangu walipokutoa kile kitambaa? Na goti je? Kaka Athumani aliniambia sasa unakwenda mwenyewe mpaka kwenye mikorosho na kurudi bila fimbo. Nimefurahi, ingawa fimbo ile nilikununulia mimi. Huku mimi ni mzima, isipokuwa baridi tu. Mwezi huu Arusha hakukaliki, asubuhi navaa masweta mawili na bado meno yanagongana.

Mwajuma, wewe unayesoma, nakuomba kitu kimoja. Soma kama ilivyoandikwa. Usiruke, usilainishe, usiseme "hapa anasalimia tu" kumbe umepita mistari minne. Nakujua. Macho ya mama hayajarudi vizuri lakini masikio yake ni mazima. Ningempigia simu, ila simu yenyewe ni yako, na wewe wifi yangu ukishaweka spika nyumba nzima inachangia. Haya, endelea.

Mama, kazi ni ileile. Bado niko kwenye yale mabanda ya nailoni na brashi yangu ndogo, natoa unga wa ua hili naupaka ua lile. Mposaji mimi, mshenga mimi, kadhi mimi. Harusi ikiisha, mbegu zinatiwa kwenye paketi na kupanda ndege kwenda Ulaya, kuota kwenye ardhi ambayo sitaikanyaga. Mwezi uliopita walipuliza dawa, tukaingizwa ndani mapema mno, nikakohoa wiki mbili. Kwa hiyo wiki hizi msimamizi amenihamishia kwa muda mezani, kwenye kuchambua mbegu. Mgongo unauma kwa kukaa, lakini kifua kimetulia, usiwe na wasiwasi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Juzi ulinipigia ukaniambia afisa ugani amekuja na karatasi. Kwamba mbegu za maua za kikundi chenu zinatakiwa ziandikishwe kwa jina moja, lichapwe kwenye vifuko, ziuzwe mpaka Kibiti na Ikwiriri kama mbegu zisizotiwa dawa ya kiwandani. Ukasema, "Zuhura, Mwajuma kakataa katakata kuandika jina lolote mpaka wewe useme." Mimi nikajibu mtandao mbaya, nikakata. Mama, mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Nilikata kwa sababu nilikuwa nalia kwa hasira. Hata heshima ya huyu mtu inaniudhi! Mtu akuchukulie chako, kisha akuletee kiti ukae!

Sijasema ameiba. Mwajuma, usikunje uso. Nasema ninavyojisikia.

Unakumbuka mbegu zile zilivyofika hapo kwetu Nyamwage? Nilizileta mimi. Zilikuwa zimefagiwa chini ya meza ya kuchambulia, ni za kutupwa, msimamizi akasema anayetaka achukue. Nikazifunga kwenye pindo la kanga, nikasafiri nazo siku mbili. Nikakufungulia kiganjani: mbegu nyembamba nyeusi zenye mkia mweupe. Nikakwambia, Mama, kazini hili ua tunaliita merigodi. Linanuka kama dawa, na ukilipanda kuzunguka nyanya, minyoo ya ardhini inalikimbia na mizizi ya nyanya haivimbi vifundo. Wakati huo Mwajuma ni bi harusi wa miezi mitatu, ametoka kwao Salale, kule delta karibu na bahari, na ndoo ya kamba wakavu na mkeka wake, ua analolijua ni lile lililochorwa kwenye kanga. Alizitazama akaniuliza, "Wifi, hizi zinapikwa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nadhani Mungu ananilipa kwa kicheko kile.

Maana tazama yaliyonikuta Idi ya mwaka jana. Nashuka kwenye basi, begi begani, nasimama kwenye meza ya Bi Tatu muuza machungwa nipate la kupoza koo. Kuna mama mmoja amekuja na bodaboda kutoka Ikwiriri, anamwambia Bi Tatu, "Nipe Mwajuma vifuniko viwili." Nikashtuka. Nikajua wifi yangu kaanza kuuza ubuyu. Bi Tatu akainama, akatoa chupa chini ya meza, akapima kwa kifuniko cha soda, akamimina kwenye karatasi. Nikaona mkia mweupe. Nikauliza, "Bi Tatu, hii mbegu inaitwaje?" Akasema, "Mwajuma." "Nani kaipa jina hilo?" Yule wa Ikwiriri akadakia, "Ndilo jina lake, dada. Kwani wewe mgeni hapa?"

Mgeni! Mimi! Hatua hamsini kutoka pale ndipo nilipozaliwa, na Bi Tatu ndiye aliyenipokea mikononi uliponizaa, na wala hakumrekebisha.

Najua kwetu mbegu huitwa kwa jina la mtu uliyeiomba kwake. Mpunga ndivyo ulivyo, na mihogo ndivyo ilivyo. Watu walimwomba yeye, wakaita kwa jina lake, hakuna aliyekaa kikao. Najua yote hayo na bado roho inauma. Ningekuwa na mtoto, Mama, nisingeandika haya. Sina mtoto, sina nyumba pale Nyamwage, nina mbegu ile tu, na ile nayo imeolewa kwa kina Mwajuma.

Na si mbegu peke yake. Ulipotolewa mtoto wa jicho pale Kibiti nilipiga simu mara tano kwa siku. Nilijitahidi, naona nilijitahidi. Siku walipokufungua kitambaa ulinipigia kwa furaha ukasema, "Zuhura, uso wa kwanza niliouona ni wa Mwajuma, kumbe ana kidoti shavuni!" Nikasema alhamdulillahi. Nikarudi kazini, nikamwaga trei nzima ya miche. Hilo sijawahi kukwambia.

Kwa hiyo nimeamua. Ndani ya kifurushi hiki utakuta sweta lako la buluu, majani ya chai, maharage ya huku, na kifuko cha kaki nilichokiandika ZUHURA. Ni merigodi pia, lakini nyekundu, ua lake kubwa kama ngumi, huku kila anayeliona analigeukia. Waambie walipande kichwani mwa shamba, bega kwa bega na ile nyingine. Watu wajionee, wachague wenyewe. Karatasi ya afisa ugani isubiri mpaka msimu huo uishe.

Hapo niliacha kalamu nikachemsha chai. Sasa naendelea.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kesho yake ile Idi nilidamka nikamfuata Mwajuma shambani, na kusema kweli nilikwenda kutafuta kosa. Nilimkuta keshaanza, umande bado uko kwenye majani, anapita mstari kwa mstari aking'oa. Na anang'oa nini? Anang'oa maua mazuri! Kulikuwa na moja la rangi ya machungwa, limejaa, mimi mwenyewe ningelifungia chandarua nilitunze. Akalishika shina akalivuta, akalitupa kwenye kikapu.

"We Mwajuma! Una wazimu? Hilo ndilo zuri kuliko yote."

"Zuri, wifi, lakini lina maringo. Jua la Oktoba likiwaka linalala chini saa nne. Nikiliacha litawafundisha wenzake."

"Nani kakufundisha kung'oa alfajiri?"

Akanitazama kama namtania. "Si wewe? Ulisema kwenye simu, ua usilolitaka ling'oe kabla nyuki hawajaamka. Nyuki wakishaamka wanachukua unga wake wanapeleka kwa wengine, huwezi tena kurudisha."

Nilisema hivyo kweli. Nilisema siku moja nikiwa napika ugali, simu iko begani, wala sikufikiri kama ananisikiliza.

Akanionyesha na vipande vya chandarua kuukuu alivyofunikia yale anayotaka yabaki safi. Akanionyesha ungo anaokaushia kivulini, na majivu anayochanganya ili wadudu wasiingie kwenye chupa. Hakuna dawa ya dukani hata moja, ni mwarobaini na samadi ya mbuzi basi. Kisha akaniambia habari ya Salale. Kwamba alimpelekea mama yake mbegu akazipanda kwenye kingo za majaruba ya mpunga. Maji ya chumvi yakapanda, maua yakafa karibu yote, yakabaki machache yamesimama. Mwajuma akapanda boti akiwa na mimba ya miezi saba, akazifuata mbegu za yale yaliyosimama, akarudi nazo kwenye leso. Ndizo hizo zinazouzwa leo kwa kifuniko.

Mama, wewe huwezi kujua jambo hilo ni kubwa kiasi gani, lakini mimi ndiyo kazi yangu. Mbegu niliyoleta ilikuwa chotara, ya harusi za kwenye mabanda yetu. Ukiipanda ya kwanza inapendeza, ukipanda watoto wake kila mmoja anatoka na sura yake: huyu mrefu, huyu kibeti, huyu hana harufu, huyu anakufa na jua. Kuwafanya wafanane tena, na wapende udongo wenu na jua lenu, ni lazima mtu awepo, akae nao msimu baada ya msimu, aamke kila asubuhi achague. Mimi nilileta takataka za chini ya meza. Nisemeje zaidi?

Nilimwonea wivu mpaka mikono ikawasha. Niliondoka na mbegu zake kifuniko kimoja nimezificha kwenye pochi, sikuomba, nikazipanda hapa kwenye kopo mlangoni pangu. Zikaota, zikadumaa, hazikutoa hata ua moja. Zinataka joto la kwenu. Jirani yangu Mama Neema akaniuliza, "Hicho kimchicha chako kinaitwaje?" Nikasema hakina jina.

Basi Mama, mkono umechoka na kurasa zinakwisha. Msalimie sana kaka yangu Athumani, mwambie lile paa la jiko alilosema ataliezeka bado nalisubiri. Msalimie shangazi mkubwa wa Kibiti, na maalim aliyenifundisha juzuu, mwambie bado nasoma. Bi Tatu wa machungwa msalimie, lakini kwa mkato. Mwana wa Mwajuma mbusu mashavu yote mawili, yeye hana kosa. Niombee dua kama ninavyokuombea wewe, Mungu akurudishie jicho lako kamili ili barua ijayo uisome mwenyewe.

Ni mimi binti yako wa pekee,
Zuhura

Mwajuma, hapa mwambie mama barua imekwisha. Mpe sweta lake alijaribu. Hii iliyobaki soma peke yako, midomo imefungwa.

Kile kifuko cha kaki nilichokitaja huko juu usikitafute. Hakimo. Kilikuwemo. Nilikishona katikati kabisa, ndani ya mkono wa sweta, nikafunga kifurushi kwa kamba, nikaandika anwani.

Wewe unajua kingefanya nini. Ungejua hata kabla hujakifungua, kwa kuwa nilikufundisha mwenyewe. Lakini ungepanda. Ndilo nililokuwa nalitegemea. Ungesema ni zawadi ya wifi, wifi kaandika jina lake kwa mkono wake, nitalifunikaje chandarua kama lina ukoma? Ungelipanda bega kwa bega kama nilivyoagiza, kwa heshima. Nyuki hawana habari za heshima. Msimu mmoja tu, na wa pili ungepita mistari yako usiitambue hata moja. Mwajuma ingekwisha, na watu wangesema mbegu ya mwanamke wa Salale imeharibika. Wala usingenilaumu, na hakuna ambaye angejua. Mimi ningejua. Kuchanganya maua ndiyo kazi pekee ninayoiweza kuliko mtu yeyote mnayemjua.

Nilipofika pale kwenye habari ya kung'oa nilisimama kuandika. Nikachukua kisu cha vitunguu nikafumua kifurushi. Mbegu nimezimwaga jikoni, kwenye moto wa mkaa. Nimeng'oa, wifi, kabla nyuki hawajaamka.

Mistari ile ya juu sikuifuta. Ningeifuta ningekuwa nakudanganya mara ya pili. Mama akiuliza kifuko kiko wapi, mwambie Zuhura kasahau, mimi ni msahaulifu tangu utoto na atakuamini. Hiyo itakuwa siri yetu ya kwanza, mimi na wewe.

Na usidhani wivu umeisha. Haujaisha hata kidogo. Nikija nikakuta unamfunga mama kilemba chake nitanuna mpaka jioni, na uniache ninune, usiniletee kiti.

Karatasi ya afisa ugani iandikeni jina ambalo watu wanalitaja. Akiuliza aliyeileta mbegu ni nani, mwambie ukitaka. Usipotaka basi.

Nakuja mwezi wa mavuno. Niwekee Mwajuma vifuniko viwili, safari hii naomba.

Wifi yako,
Zuhura