Ile "Ndiyo" Niliyosema Ofisini

Jumanne, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Upepo wa baridi tangu asubuhi, vumbi linaingia hadi ndani ya sufuria. Nimejifunika kitenge cha mama mabegani.

Nimerudi kutoka Lilongwe sasa hivi. Naandika kabla mama hajapakua nsima, ugali wa huku, maana nikila kwanza nitajifanya nimesahau.

Leo niliogopa. Si woga ule wa mtihani, ambao unakunywa maji unapita. Huu haujapita.

Kwa ambao mmeingia kwenye blogu hii leo kwa mara ya kwanza: mi naitwa Wabiwa, nasoma hesabu kwenye chuo kimoja cha Lilongwe, kwa ufadhili. Masomo mengi nayafuata kwa simu hapa hapa kambini, majaribio njo yananipeleka mjini. Muhula huu tuna milinganyo tofautishi. Baba anaiita ekwasio diferansieli, na akiitaja anainua kidevu, kwa sababu kule Fizi, Congo, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla vita havijatutoa. Siku hizi anashona suruali za watu. Ni hesabu za vitu vinavyobadilika: unaambiwa kitu kinapungua kwa kasi gani, unatafuta kitabaki kiasi gani na lini. Nilizipenda sana hesabu hizi. Nilikuwa nazifanya hata nikipanga foleni ya maji, kichwani, watu wakidhani nasali.

Ijumaa mwalimu wangu alinitumia ujumbe. Nifike ofisini kwake Jumanne asubuhi, kuhusu jaribio. Hakuna salamu, hakuna sababu. Nikamsomea baba, naye akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Iyo ni konvokasio," akasema.

Mliokulia kwingine mtaona ni neno la kawaida. Kwetu konvokasio ni karatasi ya kuitwa kwa wakubwa, na wakati wa vita kuitwa kulikuwa na maana moja. Rafiki ya baba, mwalimu mwenzake, aliletewa yake darasani katikati ya somo. Akatia chaki mfukoni, akawaambia watoto wamalize zoezi, anarudi. Hakurudi. Njo maana baba alitaka niseme mi mgonjwa.

Mama ndiye aliyekata shauri. "Akienda batamufukuza, asipoenda batamufukuza. Basi aende amevaa muzuri."

Na mama alisema kweli kuhusu kufukuzwa. Anayeitwa kuhusu jaribio hushukiwa kunakili, na nikikutwa na kosa hilo, ufadhili unakwisha siku hiyo hiyo. Hakuna chuo kingine kinachonisubiri. Nitakaa kando ya cherehani nikate nyuzi mpaka nizeeke, na sisemi hivyo kwa kudharau kazi ya baba. Yeye mwenyewe ndiye anayesema hivyo.

Nikapanda kabaza, baiskeli ya abiria, hadi barabara kubwa, halafu minibasi. Kibali cha kutoka kambini nilikuwa nacho, kina muhuri, nimekikunja ndani ya Biblia. Lakini woga haujui kusoma muhuri. Kila nilipoona polisi niliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu chini. Tulipopita viwanda vya Kanengo, harufu ya tumbaku ikanipanda kichwani. Nikasali sala fupi ambayo haikuwa na maneno mazuri.

Ofisini walikuwa wawili. Mwalimu wangu, mtu mpole, mrefu, anayeongea polepole. Na mwalimu mwingine, mama wa makamo, ameketi karibu na dirisha. Nilipomuona huyo wa pili nikajua: shahidi.

Karatasi yangu ilikuwa mezani. Swali lilikuwa la tangi la maji ya chumvi, lita mia moja. Kila dakika yanaingia maji safi lita kumi, na yanatoka lita kumi yaliyochanganyika. Baada ya muda gani chumvi itabaki sehemu moja ya kumi? Jibu langu lilikuwa dakika 23, na ni sahihi.

Mwalimu akaweka kidole juu ya mstari wangu. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, yeye alisema kwa Kiingereza. "Tangi ni lita mia. Wewe umeandika mia saba. Hapa umeandika sabini, na hapa sabini tena. Sabini mara logi ya sabini haiwezi kuwa ishirini na tatu. Hili jibu limetoka wapi?"

Nikaangalia. Mi niliona mia. Niliona kumi, na kumi tena.

Sijui nieleze vipi. Mkubwa akikwambia kitu kwa utulivu namna ile, macho yako yanaanza kukugeuka. Nikafikiri, labda ni sabini kweli. Labda siku ile nilikuwa na homa.

"Ulinakili kwa jirani?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Naandika tena ili niamini: nilisema ndiyo. Na samahani nikaongeza. Mi sikunakili kitu. Siku ya jaribio nilikaa kwenye kona, jirani yangu alikuwa ukuta.

Yule mama wa dirishani njo aliyeniokoa, sijui kama alikusudia. Alisema, kabla ya kuandika chochote, huyu binti alifanye swali hilo hapa mbele yetu. Wakanipa kalamu ya ubaoni. Mkono ulijua njia. Nikatenganisha chumvi upande wake na muda upande wake, nikatafuta jumla, nikaweka hali ya mwanzo, nikafika kwenye 23. Nikageuka.

Hawakuwa wanaangalia jibu. Mama yule alisimama, akaja karibu kabisa, akaonyesha tarakimu. "Hii ni nini?"

"Moja."

"Niandikie saba."

Nikaandika saba, nikaikata mkanda kiunoni kama inavyotakiwa. Wakatazamana.

Sisi tuliosoma Congo, moja yetu ina mkono mrefu unaoshuka kutoka kichwani. Saba tunaifunga mkanda katikati ili zisichanganyike. Baba alikuwa anatupiga rula vidoleni kwa saba isiyo na mkanda. Hapa Malawi moja ni kijiti tu, na saba haifungwi kitu. Basi kila moja yangu, kwa macho yao, ni saba. Kazi zangu zingine zote nazituma zimechapwa, njo maana hakuna aliyegundua hadi jaribio hili, la kwanza kuandikwa kwa mkono.

Mama yule akacheka kidogo, cheko zuri. Hata mi nilitaka kucheka. Nikashukuru kwa Kichewa, zikomo, zikomo kwambiri, nikaanza kuokota mkoba wangu.

Mwalimu wangu hakucheka.

"Basi kwa nini ulikubali?" akaniuliza.

Nikaurudisha mkoba chini. Akangoja. Akasema mambo ya moja na saba yamekwisha, anayaamini. Lakini yeye hajawahi kuona mtu asiye na kosa akakiri kosa, tena mbele ya watu wawili. Akasema Alhamisi nirudi, nimweleze mkuu wa idara kwa maneno yangu mwenyewe, halafu ndipo wataamua. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejua pa kuiweka.

Nilikuwa nimetumwa nyuzi soko la Tsoka. Nimerudi bila nyuzi.

Njia nzima nimelitafuta jibu, na nimelipata, na silitaki.

Tulipokimbia nilikuwa darasa la tano. Barabara ilikuwa na barieri nyingi, kila moja na wenye bunduki wake, na hatukujua nani ni wa nani. Baba alitufundisha tukiwa tunatembea. Wakiuliza, mjibu ndiyo. Wakisema nyinyi ni wa upande fulani, ndiyo. Wakisema begi lile ni lao, ndiyo. Msibishe, msieleze. Kuna baba mmoja mbele yetu alisema hapana, kwa ajili ya baiskeli yake tu. Sitaandika kilichompata. Sisi tulisema ndiyo mpaka tukafika ziwani, tukavuka, na tuko hai.

Na sasa vita vimerudi kule. Kila simu inayotoka nyumbani inaanza na nani amekimbia. Najua kuna mzazi anatembea leo na watoto wake, anawafundisha lile neno.

Sasa huyo mkuu wa idara nitamweleza hivyo kwa Kiingereza gani? Sijawahi kumwambia mtu habari hii kwa lugha yoyote. Naogopa ataniona mwongo anayejificha nyuma ya vita. Naogopa pia ataniamini, kisha anionee huruma, na tangu hapo kila nikipata alama nzuri waseme ni huruma. Hata sijui ni kipi kibaya zaidi.

Nimemwambia baba yote. Nilipofika kwenye moja na saba alitabasamu. Nilipofika kwenye ndiyo, alivua miwani, akaifuta na kipande cha kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ile moja njo mi nilikufundisha," akasema. Halafu: "Na ile ndiyo pia."

Nilitaka kumwambia si kosa lake. Hakunipa nafasi. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akakaza uso kama mkuu wa idara ambaye hajawahi kumuona.

"Mademoiselle, ulinakili?"

Nikanong'ona: "Hapana."

"Sisikii."

Mama aliacha kukoroga, akatuangalia. Mi nilikuwa na aibu, mtu mzima kufundishwa neno moja nyumbani kwao.

"Ulinakili?"

"Hapana," nikasema, kwa sauti yangu yote.

Baba akageuka haraka kuangalia mlango, kama bado tuko barierini.

Nikasema tena.